Mbuzi ya Nazi, Al-Khoudh

Saa tano asubuhi, mwezi wa nane,
banda la gari lina joto la kuivisha mkate,
na mashine yangu imesimama tena
katikati ya ubao.

Katikati! Nafasi tele pande zote,
shibiri mbili kushoto, kulia zaidi,
na kwenye kioo maandishi mekundu:
Kikomo kimeguswa.
Kimeguswa na nani?
Swichi iko kule pembeni peke yake,
hata nzi hajaitua.

Ghaniya aliniomba kitu kidogo tu.
Mbuzi yake ya kukunia nazi imevunjika mguu,
ile ya mama yake, iliyokuja ndani ya sanduku la bati;
nimkatie nyingine, ya msaji, ya kukunja.
Leo siku ya nne. Nazi ziko jikoni zinanitazama.
Jirani ameuliza kupitia juu ya ukuta:
"Vipi mbuzi, mmeshamchinja?"

Mpwa wangu Muhenna akaja na haraka zake:
"Mjomba, izime hiyo swichi kwenye programu, yaishe."
Nikamwonyesha kovu kwenye reli,
pale mota iliposukuma chuma juu ya chuma
mwaka jana, nilipoizima.
Mlinzi mwongo hafukuzwi usiku.
Hufunzwa.

Nikakaa na kijidaftari.
Saa tano na dakika nne, ikasimama.
Dakika ya kumi na tisa, ikasimama.
Ya thelathini na nne nilikuwa nimetega sikio:
nje ya dirisha kompresa ya kiyoyozi
ikaguna, ikaamka,
na taa ya dari ikakonyeza.

Kumbe waya ni sikio.
Mita tatu za waya mwembamba, usio na nguo,
nimeulaza bega kwa bega na waya wa mota ya kukatia,
nikaubana kwa vibano, nikajisifia unadhifu.
Mkubwa anapiga kelele, mdogo anasikiliza,
na kompresa ikiongeza neno lake
mdogo anakurupuka kusema asilotumwa.

Nikafumua zote.
Jioni nikateremka Ruwi, dukani kwa Biju,
nikanunua waya wenye ngao, mita sita,
na kapasita ndogo kama punje za dengu.
Akanihesabia kumi, akatia moja ya bakshishi,
akauliza, "Ni ya nini?"
Nikamwambia ni ya mbuzi. Hakuuliza tena.

Ngao nikaifunga ardhini upande mmoja tu;
ukiifunga pande mbili umejenga duara
la uvumi kujizungukia.
Waya wa mota nikaupa njia yake,
na palipobidi nyaya zikutane
zikapishana msalaba, hazikulala pamoja.
Kapasita nikaiweka mlangoni mwa bodi, na rezista mbele yake,
imeze visauti vya kupita.
Kisha swichi yenyewe nikaigeuza tabia:
zamani ilinyamaza mpaka iguswe,
sasa mkondo unapita humo saa zote,
kama mtu anayeitika nipo, nipo, nipo,
na akikata kuitika, kila kitu kinasimama.
Hata panya akitafuna waya, nitajua.

La mwisho nikaliandika kwenye programu:
ukisikia, ngoja milisekunde ishirini, uliza tena,
ndipo uamini.
Ghaniya, kasimama mlangoni na birika la chai,
akasema maneno hayo angeyataka
yachongwe juu ya kitanda chetu.

Asubuhi yake, saa tano na dakika nne,
kompresa ikaguna.
Taa ikakonyeza.
Nikabana pumzi.
Kekee ikaendelea kuula msaji,
mguu wa kwanza wa mbuzi ukatokea polepole,
na machicha ya mbao yakanimwagikia ndarani.

Nilipaswa kufurahi, nikaingiwa na shaka nyingine:
je, imepona, au imekuwa kiziwi?
Nikanyoosha mkono hadi pembeni,
nikaibonyeza swichi kwa kidole.

Ikasimama papo hapo.
Maandishi mekundu: Kikomo kimeguswa.

Kweli. Na mimi.